Mume wangu anasema kujenga tena ni kukosa imani

*Shikamoo Shangazi. Ziwa Tanganyika lilipopanda lilitufuata mpaka chumbani hapa Kibirizi, Kigoma. Nyumba tuliyoijenga kwa kiinua mgongo cha baba watoto imebaki kuta, tumepanga chumba Mwanga. Kaka yangu ametupa kiwanja Gungu, lakini mume wangu hataki hata kukiona. Nikisema neno ananijibu kwa Waebrania 13:14, kwamba hapa hatuna mji udumuo. Amejitoa hata kwenye kikoba. Kanisani wengine wananong'ona kuwa tumeadhibiwa. Je, mimi ndiye ninayeipenda mno dunia? – Mama wa Kibirizi*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Hao wanong'onaji waache. Ziwa Tanganyika lilikuwa likipanda na kushuka kabla hamjazaliwa. Miaka ya 1870 lilijaa mpaka likafungua njia yake ya Mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha likashuka mita kadhaa. Sijui hao wangemtafuta mwenye dhambi yupi safari ile.

Aya ya mume wako ni ya kweli. Ila ashuke mistari miwili tu, afike wa 16: "msisahau kutenda mema na kushirikiana." Sasa kikoba alichokiacha ni nini kama si kushirikiana? Mwandishi yule alikataza kuegemea mji, hakukataza watoto kulala pakavu.

Halafu kuna Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, nabii mwenyewe kafungwa, na anajua fika mji utaanguka, maana ndiye aliyeutabiria. Katikati ya hayo akanunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaita mashahidi, hati ikatiwa kwenye chombo cha udongo ipate kudumu. Huyo alijua kuliko sisi sote kwamba vya dunia vinapita, na bado akalipa.

Lakini usiende kumpiga baba watoto kwa Yeremia. Ninavyomsoma, huyo hana ugomvi na viwanja, ana msiba. Jasho la miaka yote ya kazi limekwenda na maji, na wanaume wetu wakishindwa kulia hushika Biblia wakasoma mstari mmoja tu. Mtafute mzee wa kanisa ambaye naye maji yalimtoa, akae naye, wazungumze nyumba zilivyokuwa, chumba kwa chumba. Kiwanja kitafuata.

Wewe kwa sasa fanya la Yeremia: kaka akuandikie, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Undugu ni undugu, kiwanja ni kiwanja. Mkopo usichukue. Vyumba viwili vinatosha kuanzia, tofali kwa tofali. Na msirudi ufukweni hata maji yakishuka, maana yatashuka na watu watawaita. Sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Kwenye kikoba, wewe usijitoe.