Manowari Saba, Mdomo Mmoja

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mchoraji wa katuni, naishi Pasua, Moshi. Nina mswada wa hadithi ambamo manowari za zamani zilizokufa zimeamka zikiwa watu, na wote ni wapangaji wa nyumba moja. Wapo Königsberg, Pegasus, Severn na Mersey, Götzen, Warspite na Yukikaze. Nimesoma sana: tani, mizinga, kasi, unene wa chuma. Wenye mizinga mikubwa nimewapa hasira na ubabe, wadogo nimewapa upole. Rafiki yangu kasoma kurasa ishirini, akasema wote ni mtu mmoja anayebadilisha mitumba ya soko la Memorial. Nifanyeje? Na je, lazima wawe wasichana kama kwenye ile michezo ya simu ya Kijapani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako usimnunie, mnunulie chai. Kurasa ulizonitumia nimezisoma mara mbili, na mara ya pili nilifunika majina kwa karatasi. Viputo vingi vya maneno sikuweza kujua anayesema ni nani. Michoro yako ni mizuri, sina la kuongeza. Kasoro iko mdomoni.

Jirani na chumba ninachofanyia kazi hapa Arusha, Unga Limited, kuna gereji ya malori. Miaka yote hii sijamsikia dereva akimsimulia mwenzake Fuso yake kwa tani. Utasikia, "Hii asubuhi haiwaki mpaka uibembeleze." "Hii ikiona mlima inaanza kukohoa." "Hii usimpe mtu mwingine aendeshe, itamuumbua." Tani zimeandikwa kwenye kadi ya gari, anayezitaka atazisoma huko. Tabia ya gari dereva anaijua kwa kile linachokataa, linachokosa, na lile lililolipata siku fulani likabaki na alama.

Wewe umeanza na kadi ya gari. Ndiyo maana wenye mizinga mikubwa wote wamekuwa babe mmoja. Rudi kwenye daftari lako, na mbele ya kila jina andika alichokosa. Nguvu zao utazichora tu, zinaonekana kwa macho.

Tuanze na Königsberg, kwa sababu ndiye uliyemwonea zaidi. Umemwandika mizinga 10 ya milimita 105, jeuri, mpiga kelele. Mizinga ni kweli. Lakini vita ilipoanza Agosti 1914, kilichomnyima usingizi kilikuwa makaa ya mawe. Alikuwa manowari wa Kijerumani karibu peke yake katika bahari iliyojaa bandari za wengine, na kila safari ilikuwa hesabu: nikienda kule, nitarudi na nini? Mwezi huohuo alikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester. Septemba 20, alfajiri, akampiga Pegasus, manowari wa Kiingereza, bandarini Unguja. Kisha mitambo yake ikamgomea, akarudi kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Vipuri vilivyoharibika vikavutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi, kwa mikono na mabega ya Waafrika ambao vitabu vingi huwapa nusu sentensi. (Wewe wape ukurasa mzima. Nitakudai.) Akakaa humo mpaka Julai 11, 1915, Waingereza walipommaliza.

Mtu aliyeishi hivyo ukimleta Pasua atakuwaje? Hawezi kuwa mpiga kelele. Atakuwa mtu wa akiba. Chini ya kitanda chake kuna magunia matatu ya mkaa ingawa anapikia gesi. Umeme ananunua kabla uliopo haujafika nusu. Ukimuuliza, "Unatoka?" anakujibu kwa hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi. Amechagua chumba cha nyuma kabisa, kwenye migomba, na dirisha halifungui. Ubabe anao, ila hutoka mara moja, alfajiri, mwenzake akiwa bado kitandani, na baada ya hapo haonekani kwa miezi.

Na ana jina la mtaani. Watu wa pwani walimwita manowari na bomba tatu, kwa sababu ya dohani zake, yale mabomba ya moshi. Yeye amebeba jina la mji wa kifalme wa Kijerumani, wavuvi wakahesabu mabomba. Mpe hiyo. Wapangaji wote wamwite Bomba Tatu, mama mwenye nyumba amwite Bomba Tatu, na yeye mwenyewe awe ndiye pekee anayejitaja kwa jina kamili, kila mara, hata anapojibu hodi. Ukishafanya hivyo hata nikifunika majina yote, kiputo chake nitakijua.

Pegasus umemfanya mpole kwa sababu ni mdogo. Udogo wake si hoja. Alishushwa majini mwaka 1897, Königsberg mwaka 1905. Kwa manowari ya zama zile, ambako kila miaka michache ufundi ulikuwa unageuka, miaka 17 ni utu uzima kabisa. Mimi nina kanuni yangu ya kienyeji: umri wa meli nazidisha kwa tatu. Siku ile ya Unguja Pegasus ana miaka hamsini na ushee, Königsberg yuko kwenye ishirini na saba hivi. Pegasus alikuwa ametia nanga akitengenezwa mitambo, hawezi kuondoka, na mizinga yake ilikuwa haimfikii mpigaji. Kwa hiyo huyu ni yule mzee wa kazini aliye kwenye likizo ya ugonjwa, kila siku fundi anakuja kesho, na amezoea kusema "nikishapona" kabla ya kila mpango.

Hapa ndipo Kiswahili kinakupa silaha ambayo Mwingereza hana. Nani anampa nani shikamoo? Panga wapangaji wako kwa mwaka wa kushushwa majini na tayari una nyumba yenye mpangilio: nani anaamkia, nani anaitikia, nani anajifanya hakusikia, nani anasema "mambo" kwa mtu aliyepaswa kumwamkia. Sasa nichoree Septemba 20. Kisanduku cha kwanza, giza, Königsberg anatokea upande wa bahari. Anasema shikamoo. Kisanduku cha pili, moto. Marahaba usiiweke popote siku hiyo, iweke ukurasa wa mwisho wa kitabu, Pasua, bombani, wakiwa wameshika ndoo. Mizinga ya hawa wawili leo imewekwa Fort Jesus, Mombasa, wa huyu na wa yule, kwa hiyo hata historia yenyewe imeshawaweka nyumba moja kabla yako.

Umeuliza kuhusu wasichana. Mabaharia wa Kiingereza huita meli kwa kiwakilishi cha kike, na wabunifu wa michezo huenda waliifuata mila hiyo wakaikuza, pia kwa sababu za kibiashara ambazo sina haja ya kukueleza mchoraji. Sisi meli yetu haina jinsia. Ina ngeli. Meli imezama, manowari imepigwa. Ukishaipa uhai, i- inageuka a-: Königsberg amezama, Pegasus amepigwa. Katika mswada wako umetumia a- kila mahali, toka ukurasa wa kwanza, na kwa kufanya hivyo umetupa chombo chako bora. Weka sheria: chuma ni i-, mtu ni a-. Halafu ivunje pale panapouma. Mhusika anayejizungumzia kwa i- anapokumbuka siku yake ya mwisho, "iliingia maji upande wa kushoto," hahitaji kueleza kwamba bado hajakubali kuwa yeye ndiye aliyekuwa anazama. Wahusika wako wawe wanawake au wanaume upendavyo. Ila kumbuka Kiswahili hakitakusaidia kuwatenganisha: "alisema" ni alisema tu, halionyeshi kama ni kaka au dada. Mwingereza anapata msaada huo bure katika kila sentensi. Wewe msaada wako ni namna mtu anavyoongea, basi.

Na namna anavyoongea isiwe lafudhi ya kuigiza. Mjerumani wako anayesema "mimi nataka wewe kuja hapa" nimemkata kwa kalamu nyekundu. Warspite kuongea kama mangi wa Kibosho kulinichekesha ukurasa mmoja, wa pili nikachoka. Tafuta mazoea: huyu hamalizi sentensi, yule hujibu swali kwa swali, mwingine hataji jina la mtu aliyekufa.

Severn na Mersey ni pacha, na pacha ni mtego. Mambo yao mengi ni ya pamoja: waliundwa Uingereza kwa oda ya Brazil, kwa ajili ya mito ya huko, vita ilipokaribia Uingereza ikawanunua wenyewe hawajaondoka. Matumbo bapa, wanaelea kwenye maji machache, ndiyo maana waliweza kuingia Rufiji ambako wakubwa walibaki nje wakitazama. Watoto waliotafutiwa nguo za nyumba nyingine, wanaopita mahali ambapo wengine hawapiti. Mzuri sana huo ucheshi wako wa kuwapitisha kwenye uchochoro wa choo. Lakini wanatofautiana kwa jambo moja: Julai 6, 1915, walipoingia mara ya kwanza, Mersey alipigwa vibaya, mzinga wake wa mbele ukanyamazishwa, watu wake wakafa. Siku tano baadaye wakarudi wote wawili. Basi huyo mmoja anajua kombora likikutua mwilini inakuwaje, mwenzake anajua kwa kusimuliwa. Usiongeze kitu kingine. Mlango ukibamizwa na upepo, chora nani anayeshtuka.

Götzen ana tatizo la kimantiki, nashangaa hukuliona. Sheria ya nyumba yako ni kwamba wapangaji ni wafu. Huyu hakufa! Aliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, akafunguliwa vipande, akatiwa kwenye makasha maelfu, akaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, akaungwa huko na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakamzamisha wakati wanarudi nyuma, ila mafundi walipaka mitambo grisi kwanza, kana kwamba wanamwambia lala tutarudi. Waingereza wakamwibua mwaka 1924, na mwaka 1927 akaanza kazi upya kwa jina Liemba. Amebeba abiria na mizigo kwa miongo, na mwaka 2015 alibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Huyo unamweka vipi chumba kimoja na mizimu?

Usimtoe. Mfanye asiyepanga. Aje mara moja moja, na begi, amechoka kikazi, ana majina mawili kama wazee wetu wenye jina la ubatizo na la nyumbani, na anayeitika jina la pili tu. Wengine wote hawana la kufanya ila kukumbuka, yeye ana ratiba. Anapokuja, Königsberg hatoki chumbani, kwa sababu mzinga mmoja wa Königsberg ndio aliopewa Götzen kule ziwani. Ni kama kumwona mtoto wa ndugu yako amevaa koti la marehemu, na marehemu ni wewe.

Wawili waliobaki nitawapitia haraka, maana wa kwako si wabaya. Warspite, manowari wa Kiingereza, usukani wake ulikwama katika vita ya baharini ya Jutland, 1916, akazunguka mbele ya mizinga ya Wajerumani, na maradhi ya usukani hayakumwacha maisha yake yote. Mwaka 1947 akivutwa kwenda kukatwa vyuma, alikatika kamba akapanda miamba ya Cornwall, wakalazimika kumkatia hukohuko. Ukimtuma sokoni atazungukia Majengo, na hataomba radhi. Yukikaze, yeye, manowari wa Kijapani, aliingia vita vingi vya Pasifiki na kutoka karibu mzima huku wenzake wakizama kushoto na kulia, hata kwenye safari ya mwisho ya Yamato, manowari kubwa ya Kijapani, Aprili 1945. Umemfanya mchangamfu kwa kuwa ana bahati. Fikiria mtu aliyenusurika ajali tatu za basi, na kila msibani watu wanamshika mkono wakimwambia una bahati wewe. Atacheka?

Na si lazima wote saba wawe wahusika duara, wenye tabia za pande nyingi, kama tulivyokaririshwa kidato cha tatu. Kila nyumba ya kupanga ina yule mpangaji unayemjua kwa sauti ya ndoo zake tu. Severn anaweza kubaki bapa na hakuna atakayelalamika.

Kabla hujaanza kuandika upya, nina kazi moja kwako. Mizinga ya Königsberg ilitolewa delta baada ya kuzama kwake, ikatengenezwa, ikasambazwa nchi nzima kupigania nchi kavu, ikivutwa na watu. Mmoja ulifika Kahe. Kahe hiyohiyo, hapo chini yako kwenye njia ya reli. Machi 1916 Wajerumani walipoondoka waliulipua, haukuwa wa kubebeka. Panda gari Jumamosi uende, ukae, uone joto lake na vumbi lake. Halafu nichoree kurasa mbili za mzinga huo ukiwa umekaa Kahe unaangalia Kilimanjaro, mwenye dohani tatu hayupo, bahari haipo. Usiupe kiputo hata kimoja. Waliouvuta ndio waongee.