Mwanangu, uliza kwanza droo atashika nani

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Unauliza upokee ajira ya udaktari ya halmashauri kule Chemba, au uingie na mwenzako kwenye hiyo zahanati mnayotaka kufungua pale Kisasa, Dodoma mjini. Wapi kuna maisha? Hilo la maisha naliweka kando kwanza. Niulize droo ya pesa atashika nani, hapo nina neno.

Wewe umezaliwa ukakuta zahanati binafsi kila kona. Sisi tulisomea uganga wakati sheria ya 1977 imepiga marufuku matibabu ya biashara. Palibaki serikali na mashirika ya dini. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa, na baadaye nami nikawa napiga deiwaka jioni kwa bwana mmoja pale mjini. Simtaji, mama yako anamjua.

Bwana yule alikuwa na daftari la kaunta, jalada jekundu. Kila mganga ana safu yake: vipimo, sindano, dripu, jumla. Jumamosi jioni anatukusanya pale dirisha la dawa, anasoma kwa sauti. Mimi wa mwisho. Wiki hiyo nilikuwa nimempokea mama mmoja kutoka Bahi, mtoto ana mafua tu. Nikamwambia aendelee kumnyonyesha, amrudishe mbio akiona anahema haraka au kifua kinabonyea. Kwenye safu yangu ikaingia ada ya kumwona daktari, basi. Bwana akamgeukia binti wa dawa: "Dokta wetu huyu anatibu kwa mdomo." Wakacheka. Binti naye akacheka, na chai nilikuwa namnunulia mimi! Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Ndiyo maana nawaambia siku zote, wewe na kaka yako: mkono unaoshika mshipa usishike droo.

Lakini ngoja. Serikalini droo sikushika, na dawa pia sikuzishika. Lile kasha la dawa la mwezi lilikuwa linakwisha mwezi haujafika mwisho, nabaki na panadol na pole. Kumwandikia mtu cheti akanunue nje, na unajua hana hata nauli ya kurudi kwao, nako si kutibu kwa mdomo? Bwana yule angenicheka mara ya pili, na safari hii ningenyamaza. Wewe una na deni la bodi ya mikopo: asilimia 15 ya mshahara inakwenda kabla hujauona. Mama yako hapa anasema niandike PENSHENI kwa herufi kubwa. Nimeandika.

Kisasa nako, kodi ya nyumba, leseni na mtu wa maabara vyote vinataka pesa kabla mgonjwa wa kwanza hajakohoa. Wengi watakuja na kadi za bima, na pesa ya bima haiji siku hiyo. Unakumbuka Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi za bima ya taifa, NHIF, kwa ajili ya kile kitita kipya cha mafao na bei zake? Shangazi yako alizunguka mjini na kadi mkononi, presha iko juu, akaishia General, hospitali ya serikali. Wenye hospitali walikuwa na hesabu zao, sikatai. Shangazi naye alikuwa na presha yake.

Sasa unataka niseme nenda huku au kule. Ulimi unaniwasha, mama, lakini sisemi. Nikisema, lawama utaniletea hata kaburini. Ila huo mkataba na mwenzako usiusaini kwanza. Upige picha ule ukurasa wa mgawanyo wa mapato, utume kwenye simu ya mama yako, yangu imejaa. Ukiona mstari unaosema daktari atalipwa kwa idadi ya vipimo alivyoandika, nipigie hata kama ni usiku.

Baba yako