Sabuni angavu yenye mafuta: ni miseli au mikroemulsheni?

Mwenzetu ameuliza kwa nini sabuni yake ya maji inabaki angavu hata baada ya kutiwa mafuta ya maganda ya machungwa, na kama hiyo ni miseli (vifurushi vidogo mno vya molekuli za sabuni) au tayari ni mikroemulsheni (mchanganyiko angavu wa maji na matone madogo mno ya mafuta). Najibu kama mtengenezaji mdogo wa sabuni hapa Dar es Salaam, ninayenunua slesi yangu (SLES, kiungo kinachosafisha na kutoa povu) Kariakoo kama wengine.

Miseli haihitaji mafuta. Molekuli za safakitanti, yaani kiungo cha kusafisha chenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, zikizidi kiwango fulani majini hujikusanya zenyewe, mikia ikijificha ndani na vichwa vikielekea kwenye maji. Kwa sodiamu dodesili salfeti, safakitanti moja ya kawaida, kiwango hicho ni takriban milimoli 8 kwa lita katika nyuzijoto 25, na kila miseli huwa na molekuli zipatazo 60. Ukitia mafuta kidogo, huingia ndani na miseli ikavimba. Yakiongezeka hadi kuwa na kiini chake, wengi huita mikroemulsheni, ingawa hakuna mstari mkali hapo, na kuugombania naona ni kupoteza muda. Tofauti kubwa ni kati yake na emulsheni ya kawaida, ambayo huwa na weupe wa maziwa, hutaka kukorogwa kwa nguvu na mwishowe hujitenga, ilhali mikroemulsheni hujiunda yenyewe na kudumu maadamu joto na vipimo havijabadilika.

Kuhusu aina za mikroemulsheni, mgawanyo wa mwanakemia Winsor wa mwaka 1948 bado unatosha. Ya kwanza ni matone ya mafuta ndani ya maji, mafuta ya ziada yakielea juu. Ya pili ni kinyume chake, maji ya ziada yakikaa chini. Ya tatu ni tabaka la katikati ambamo maji na mafuta vimepenyana, na ziada ya kila kimoja iko nje yake. Ya nne haina ziada yoyote, na ndiyo inayofanana na iliyo kwenye chupa ya mwenzetu.

Chumvi isimchanganye. Kwenye slesi tupu hurefusha miseli, sabuni ikawa nzito inayovutika, kisha ikizidi inakuwa nyepesi tena; huo si ushahidi wa mikroemulsheni. Palipo na mafuta ya kutosha, chumvi hiyohiyo husukuma safakitanti yenye chaji kutoka aina ya kwanza, kupitia ya tatu, hadi ya pili. Kwa safakitanti zisizo na chaji, joto ndilo hufanya kazi hiyo.

Namshauri aiweke chupa moja juani na nyingine kwenye friji, kisha azirudishe zote mezani: iliyopata ukungu ikarudi kuwa angavu yenyewe, bila kutikiswa, si emulsheni ya kawaida.