Tumbo la IBS Hutunzwa Siku Ambazo Haliumi

Wengi wetu wenye IBS (kwa Kiingereza irritable bowel syndrome), ugonjwa wa utumbo unaosumbua kwa muda mrefu, tunalikumbuka tumbo pale linapoanza kusokota. Hapo ndipo mtu anapotafuta kidonge, anachemsha tangawizi, anajikunja kitandani na kuomba lipite. Nimeishi na ugonjwa huu miaka mingi hapa Dar es Salaam, na ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba kazi kubwa inafanyika siku ambazo tumbo limetulia. Maumivu yakishapanda, unabaki kuyapunguza makali tu.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. IBS ni hitilafu katika utendaji wa utumbo na katika mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Ukipigwa ultrasaundi au ukiingizwa kamera, utumbo unaonekana mzima: hakuna kidonda wala uvimbe. Ila mishipa yake ya fahamu ina hisia kali kupita kawaida, na misuli yake mara inakimbia, mara inasuasua. Gesi ileile ambayo mwenzako haisikii kabisa, wewe inakukata. Ndiyo maana wengine wetu tunaharisha, wengine tunakosa choo siku kadhaa, na wengine tunapata vyote kwa zamu. Ukiambiwa "vipimo viko sawa, huna kitu", usikubali kwamba maumivu yako ni ya kufikirika. Yapo.

Tatizo letu huku ni kwamba mgonjwa anazungushwa sana kabla ya kulisikia jina hili. Leo ataambiwa ana amiba, mwezi ujao taifodi, baadaye vidonda vya tumbo, na kama ni mwanamke, kuna shangazi atakayesema ni chango. Nilipewa dawa za taifodi mara kadhaa kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal pekee. Kipimo hicho kinaweza kuonyesha dalili za maambukizi yaliyokwisha zamani, kwa hiyo kikirudi "chanya" kila ukienda na huna homa, muulize daktari kama kuna sababu nyingine ya kuamini kwamba ni taifodi. Antibayotiki za mfululizo nazo huvuruga bakteria wa tumboni, na tumbo lililokuwa linasumbua kidogo likasumbua zaidi.

Madaktari wana vigezo vya kuitambua IBS, vinavyoitwa vigezo vya Roma, vilivyopitiwa upya mwaka 2016. Kwa ufupi: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili zikiwa zimeanza miezi 6 au zaidi nyuma, na maumivu hayo yawe yanahusiana na angalau mambo mawili kati ya haya matatu: kwenda haja kubwa, mabadiliko ya idadi ya kwenda chooni, na mabadiliko ya choo chenyewe. Mweleze daktari mambo hayo bila aibu. Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyevaa koti jeupe, pengine wa umri wa mwanao, kwamba choo chako kina ute. Mwambie tu.

Na kuna dalili ambazo si za kusubiria ushauri wa mtandaoni, wa kwangu ukiwemo: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, upungufu wa damu, au dalili kuanza kwa mara ya kwanza ukiwa umevuka miaka 50. Vivyo hivyo kama katika ukoo wenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo mpana. Hizo zinataka hospitali, na uchunguzi wa kutosha.

Sasa chakula. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, ndicho kilichoanzisha utaratibu wa kula wa kupunguza FODMAP, na umewasaidia wengi wetu. FODMAP ni aina fulani za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba unashindwa kuzifyonza vizuri. Zinavuta maji, kisha zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, na gesi inajaa. Kwenye jiko la Mswahili zipo kila mahali: kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, kunde, mbaazi, ngano ya chapati na maandazi, maziwa kwenye chai, embe, tikiti maji, korosho, tende, asali. Ukiisoma orodha hiyo unaweza kukata tamaa ukadhani utakula hewa. Lakini wali upo, ugali wa sembe upo, viazi mbatata, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti, chungwa, papai, nanasi, karanga, na ndizi isiyoiva sana. Chakula kipo cha kutosha.

Lililonisumbua kuliko yote ni kitunguu, maana kwetu mboga bila kitunguu haijapikwa. Hapa kuna mbinu inayofanya kazi kweli. Kinachosumbua ndani ya kitunguu kinayeyuka kwenye maji, hakiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo nabandika sufuria kavu, naweka mafuta, nakaanga vipande vikubwa vya kitunguu na punje za saumu mpaka jikoni kunukie na kingo zianze kuwa za kahawia, kisha navitoa vyote kwa kijiko, hata kile kipande kilichojificha pembeni, kabla sijaweka nyanya wala tone la maji. Mafuta yamebeba ladha na mchuzi unakuwa mchuzi. Mtu mwingine mezani akitaka kitunguu chake, vipande vile namwekea pembeni. Na ukipenda kuongeza kitu juu, majani mabichi ya kitunguu hayana shida. Sehemu nyeupe ya chini ndiyo ya kuacha.

Maharage nayo yana namna. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe, mwaga tena maji ya kwanza, ndipo uyaunge kwa mafuta yale. Halafu pakua kidogo, vijiko vichache pembeni ya wali. Kiasi ndicho kinachoamua mambo mengi katika ugonjwa huu.

Ila tafadhali, usikate vyakula vyote hivi maisha yako yote. Utaratibu wenyewe unasema upunguze kwa wiki 2 hadi 6, kisha urudishe aina moja moja, ukiangalia tumbo kwa siku 3 hivi kabla ya kujaribu nyingine. Ukiweza kumpata mtaalamu wa lishe wa kukusimamia, vizuri zaidi, hasa kama wewe ni mjamzito, mwembamba au una kisukari. Watu wengi wanagundua kwamba adui zao ni wawili au watatu tu. Mimi maziwa mabichi na kitunguu vinaniangusha, lakini chapati moja naila salama. Mwenzangu ofisini ni kinyume kabisa. Ndiyo sababu daftari linasaidia kuliko orodha ya mtu mwingine: andika ulichokula, saa ngapi, ulilalaje, siku zako za hedhi zikoje, na tumbo lilifanya nini. Usisahau kuandika siku nzuri.

Saa za kula zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kushinda na chai ya asubuhi mpaka saa kumi, halafu kula sahani ya mlima, ni kuliita tumbo ugomvi. Kula kidogo kidogo kwa saa zilezile, tafuna, kunywa maji, punguza soda, pilipili na vyakula vya kuzama kwenye mafuta. Chai na kahawa zisizidi vikombe 3 kwa siku. Nyingi ya bigijii na peremende zisizo na sukari zina sorbitoli, kitu cha kutia utamu, na hiyo inaweza kukuharisha. Mwezi wa Ramadhani, ukiruhusiwa na daktari kufunga, futuru kwa maji na uji wa mchele, pumzika, uswali, ndipo urudi mezani. Mbaazi za nazi, kaimati na tende nyingi kwa mkupuo mmoja ni mtihani mzito kwa utumbo uliokuwa mtupu.

Kisha mawazo. Nakereka mtu akisema IBS ni "stresi tu", kwa sababu anakusudia kusema huumwi. Ukweli ni kwamba ubongo na utumbo vinaongea mchana kutwa, na hofu inafika tumboni kama ujumbe wowote ule. Usingizi mbovu, madeni, ugomvi nyumbani, vyote vinahesabika. Ninachofanya kila jioni ni kulala chali, mkono juu ya kitovu, navuta hewa kwa pua mpaka mkono upande, natoa polepole kwa mdomo. Kutembea nusu saa baada ya kazi kumenisaidia pia, kwa gesi na kwa akili. Na wale ambao wasiwasi umewazidi, tiba ya mazungumzo na mwanasaikolojia ni tiba halali ya IBS. Si ya wendawazimu.

Tumbo likichafuka licha ya yote, legeza nguo kiunoni, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga juu ya tumbo, lala ubavu wa kushoto, pumua kama ulivyozoea. Dawa za kulegeza misuli ya utumbo, kama hiyosini au mebeverini, muulize daktari au mfamasia ipi inakufaa. Mebeverini humezwa kama dakika 20 kabla ya kula, kwa hiyo haifai kusubiri mpaka ushibe. Epuka kukimbilia dawa ya maumivu ya diklofenaki. Haiutulizi utumbo unaosokota, na inaweza kuchubua tumbo la juu. Kama unaharisha, kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS. Kula wali laini au viazi vya kuchemsha siku hiyo, na kesho yake rudi kwenye chakula chako cha kawaida.

La mwisho ni safari, kwa sababu hofu ya basi pekee inatosha kuliamsha tumbo. Kabla ya kwenda mkoani, jana yake kula vyakula unavyovijua tu, amka mapema ili upate muda wa chooni bila haraka, beba wali wako na yai la kuchemsha badala ya kutegemea chipsi za njiani. Kata tiketi ya siti ya karibu na mlango. Kabla gari halijaondoka, mwite kondakta pembeni umwambie: "Kaka, nina tatizo la tumbo, nikikuomba kuchimba dawa naomba unisaidie." Sijawahi kukataliwa. Na mara nyingi, kwa kuwa tu nimeshamwambia, tumbo linakaa kimya mpaka Dodoma.