Mfongo wetu unavuja, tuanzie wapi?

SWALI: Mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) wa ukoo wetu, Kilimanjaro, unapoteza maji kabla hayajafika mashamba ya chini. Vijana wanataka kuujengea saruji wote. Tufanyeje?

JIBU: Saruji isubiri. Fungulieni maji, kisha mfuate mfereji kwa miguu kuanzia kwenye banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Palipo na majani mabichi upande wa chini wakati wa kiangazi ndipo panapovuja. Mara nyingi ni mashimo ya fuko au kaa, au mizizi iliyooza. Msibandike udongo juu juu, maji yataung'oa. Fukueni shimo lote, jazeni udongo wa mfinyanzi uliolowana, mshindilie tabaka kwa tabaka, kisha funikeni kwa mapande ya nyasi yenye mizizi.

Banio liacheni la mawe, matawi na migomba. Mafuriko yakilibeba, msaragambo (kazi ya pamoja) wa asubuhi moja unalirudisha. Ukuta mgumu huweza kuyasukuma maji pembeni yakala kingo.

Nduwa nayo, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo? Ijazeni usiku, fungueni alfajiri. Itoeni tope kabla ya zamu za kumwagilia kuanza, maana tope likizidi, wa mwisho kwenye zamu hapati kitu, na hapo ndipo ugomvi huanzia.