Saa ya mapigo ya moyo pekee haitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kama saa ya mapigo ya moyo inatosha kuonyesha jinsi zogo la Old Taxi Park, kituo cha matatu jijini Kampala, linavyowaathiri wapita njia. Haitoshi. Kampala ni mji wa vilima: mtu akipanda kilima cha Nakasero moyo utamwenda mbio hata barabara ikiwa tupu. Ongeza kifaa cha kupima jinsi ngozi ya vidole inavyopitisha umeme, maana mtu akishtuka hutoka jasho kidogo na umeme hupita kwa urahisi zaidi. Mshtuko wa honi ya bodaboda huonekana hapo baada ya sekunde 1 hadi 3 hivi. Jua nalo hutoa jasho, kwa hiyo pima asubuhi. Kila mshiriki, akisharidhia, apite pia njia tulivu yenye mwinuko uleule. Na nakusihi, saa za vifaa vyote zilingane, la sivyo hutajua ni honi ipi iliyomshtua.