Jibu: Ruta ya Ujiji inayomaliza bando mapema
Mkuu, umesema ruta yako hapo Ujiji inamaliza bando kabla ya jioni na hujui pa kuingilia ubadili neno la siri. Igeuze, soma kibandiko cha chini: mara nyingi pameandikwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Zima data ya simu, baki kwenye Wi-Fi tu, uandike namba hizo kwenye kivinjari. Hata bando likiwa limeisha, ukurasa wa mipangilio ya ruta utafunguka. Mimi huku Mwanga nilikuta simu 11 zimeunganishwa, na nyumbani tupo wanne! Badilisha neno la siri la Wi-Fi na lile la mipangilio, yote mawili, tafadhali. Neno la siri la kuingilia likigoma kabisa, ingiza sindano kwenye kitundu cha riseti, shikilia kama sekunde 10. Ila ulichowahi kupanga chote kitafutika.